Mbawakawa Mwekundu wa Chini ya Gome

Katika bara Ulaya, kandokando ya mito mikubwa, humea miti mirefu iitwayo mipopla. Mpopla ukifa, hauanguki siku ile ile. Husimama miaka kadha wa kadha. Majani hayachipui tena baridi ipitapo, vitawi hukatika kimoja kimoja, na gome, ambalo zamani lilishikamana na mti kama ngozi na nyama, huanza kuachana nao. Mtu apitaye njiani huutazama akasema, "Mti huu umekufa," akaenda zake. Naye amesema kweli kwa habari ya mti. Lakini kama angetia kisu chini ya gome na kulibandua kidogo, angeona kwamba nyumba ile ina wenyewe.

Mmoja wao ni mbawakawa mwekundu. Urefu wake ni milimeta 11 hadi 15, yaani yapata upana wa ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Kichwa ni chekundu, kifua ni chekundu, na zile mbawa ngumu za juu, zifunikazo mbawa laini za kurukia, nazo ni nyekundu. Miguu yake ni myeusi, na vipapasio vyake ni vyeusi, vimepangika punje kwa punje kama ushanga katika uzi. Amwonaye mara ya kwanza hudhani kwamba mdudu huyu amekanyagwa na mtu, maana mwili wake ni bapa kabisa kama kipande cha ngozi kilichopigwa nyundo. Hata akiguswa na kwenda zake mbio, ndipo mtu ajuapo kwamba hakukanyagwa, bali ndivyo alivyoumbika.

Mbawakawa walio wengi wana mgongo wa mviringo kama kobe. Mgongo kama huo ni ngao njema kwake yeye akaaye juu ya ardhi, lakini hauwezi kupita katika ufa. Sasa fikirini nyumba ya mdudu huyu mwekundu. Ukuta mmoja ni mti wenyewe, na ukuta wa pili ni gome. Katikati hapana nafasi ila ya unene wa kadi, tena ina unyevu na giza. Basi yeye hakuipanua nyumba, bali mwili wake umeifuata nyumba. Kichwa chake kina umbo la pembe tatu, kipana nyuma ya macho kuliko hata kifua, na kingo za kifua zina meno madogo madogo. Miguu haikusimama chini ya tumbo, bali imetandazwa kando kama miguu ya kaa. Kwa hiyo aweza kupita mahali ambapo mdudu mwingine wa urefu wake angekwama kichwa tu.

Maisha yake hupita karibu yote humo gizani. Jike hutaga mayai chini ya gome wakati wa kuchipua majani. Kutoka katika yai hutoka buu, naye ni bapa vile vile kama wazazi wake, ila rangi yake si nyekundu, ni ya manjano iliyoiva kama asali. Mwisho wa mwili wake una ncha mbili kama uma. Buu huyu hana haraka. Hukua kwa miaka miwili au zaidi, akila ile ngozi ya ndani ya gome iliyooza na kugeuka kuwa nyeusi na laini, na akikutana na mdudu mdogo njiani humla pia. Zamani vitabu vingine vilimhesabu kuwa mwindaji tu. Walakini watu walipochungulia ndani ya matumbo ya mabuu waliona mabaki ya gome yaliyooza pamoja na mabaki ya wadudu. Yaonekana yeye si mchaguzi wa chakula. Akaaye katika chumba kisichozidi unene wa kadi hali kile kinachomjia mbele tu.

Siku zake zikitimia, wakati wa joto, buu hujitengenezea kitanda cha mviringo kwa vipande vidogo vya mti alivyovikusanya kumzunguka, akalala humo asile wala asitembee. Anapoamka, ule umbo wa buu umekwisha, amekuwa mbawakawa mwekundu mwenye mbawa. Lakini hata hivyo hatoki mara moja. Hukaa humo humo chini ya gome mpaka theluji ije na kuondoka, na jua la mwaka mpya lipate nguvu. Ndipo watu wachache waonapo mara moja moja kidoa chekundu kikipanda juu ya shina la mti mkavu mchana wa jua.

Msomaji wa nchi za joto aweza kuuliza, "Je, hafi kwa baridi?" Swali hili lina jibu la ajabu, na jibu hilo limechunguzwa zaidi kwa ndugu yake wa Marekani kuliko kwake yeye. Huko Alaska, upande wa kaskazini kabisa, yuko mbawakawa mwekundu wa jamii hiyo hiyo, naye pia ni bapa, naye pia hukaa chini ya magome ya miti iliyokufa. Wakati wa baridi mabuu yake hupunguza maji yaliyo mwilini mpaka yasalie kidogo sana. Hujaza katika damu kitu kitamu na kizito kiitwacho gliserini, ambacho watu hukitumia katika dawa na sabuni. Tena wana namna ya protini izuiayo punje za barafu zisikue. Kwa njia hiyo, katika majira ya baridi, kwa kadiri maji ya mwilini mwao hayagandi mpaka baridi ifike digrii 35 hadi 42 hivi chini ya sifuri. Katika mwaka wa 2010 wataalamu waliandika kwamba walikuwa wamewatia wengine katika vyombo vya baridi hata digrii 100 chini ya sifuri, na wengine kati ya hao walitoka wazima. Miili yao haikuwa barafu, bali iligeuka kuwa kitu kigumu kama kioo, kisha ikalainika tena. Maji ya kisima yakigandishwa hupasua mtungi. Buu huyu hakupasuka.

Turudi Ulaya, kwa kuwa jina la yule wa kwanza lina kisa chake.

Katika nchi iitwayo leo Slovenia kuna mji mdogo, jina lake Idrija, uliojengwa katika bonde jembamba katikati ya milima. Husimuliwa kwamba katika mwaka wa 1490 fundi mmoja wa mapipa alitia chombo chake cha mti katika kijito ili mbao zipate kunywa maji, na alipotaka kukiinua akakiona ni kizito mno. Chini yake palikuwa na matone yang'aayo kama fedha, yakikimbiakimbia. Hiyo ndiyo zebaki. Baada ya hayo watu walichimba huko kwa karne nyingi. Zebaki nyingine hutoka ardhini yenyewe, na nyingine hutolewa katika jiwe jekundu ambalo Waswahili tangu zamani huliita zingefuri. Jina hilo hilo watu wa pwani huwapa mbegu nyekundu za mzingefuri, kwa sababu ya rangi yake.

Mwaka wa 1754 alifika Idrija daktari kijana, Giovanni Antonio Scopoli, mzaliwa wa milima iliyo kaskazini ya Italia. Kazi yake ilikuwa kuwatibu wachimbaji. Nao walikuwa na haja naye sana, maana moshi wa zebaki ni sumu. Mikono ya wachimbaji ilitetemeka hata wasiweze kushika kijiko, meno yalilegea, mate yaliwatiririka. Scopoli aliandika habari za ugonjwa huo katika kitabu chake cha mwaka wa 1761. Alikaa Idrija miaka 15, na kila alipopata nafasi alipanda milima kutafuta mimea na wadudu. Alikuwa na desturi ya kuandikiana barua na Linnaeus wa Sweden, yule aliyewafundisha wataalamu kuwapa viumbe majina mawili mawili. Katika mwaka wa 1763 Scopoli alitoa kitabu kingine, safari hii juu ya wadudu wa nchi ile, na ndani yake yumo mbawakawa wetu bapa. Jina alilompa ni cinnaberinus, maana yake mwenye rangi ya zingefuri.

Daktari yule aliona rangi nyekundu ya jiwe lile kila siku, katika mikokoteni na katika nguo za wagonjwa wake. Haikumpasa kutafuta mbali mfano wa rangi. Lakini hapa pana jambo jingine ambalo kitabu chake hakikulisema. Mashimo ya Idrija yalihitaji miti mingi mno: miti ya kushikilia dari za mashimo zisianguke, na kuni za kuchomea mawe. Magogo yalishushwa kwa mto, yakisukumwa na maji yaliyozuiwa kwa mabwawa na kufunguliwa ghafula. Kwa hiyo rangi ile ile iliyompa mdudu jina ndiyo iliyokula misitu aliyokaa.

Sasa na tuitazame tena nyumba yake, kwa kuwa shida yake yote imo humo. Mti uliokufa jana haumfai, maana gome lingali limebana. Mti uliokufa zamani sana haumfai pia, kwa sababu gome limekauka, likaanguka, na shina limebaki tupu juani. Kati ya hayo mawili iko miaka michache tu ambapo gome limelegea lakini halijaanguka, na ndani mna unyevu wa kutosha. Hiyo tu ndiyo miaka yake. Ikipita, hana budi kuhama na kutafuta mti mwingine uliokufa juzijuzi, nao usiwe mbali. Haikatai miti ya namna nyingi: mipopla, mierebi, mialoni, hata misonobari. Akataacho ni msitu usio na maiti.

Na misitu ya Ulaya kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Mtoto wa Afrika ya Mashariki atumwaye kuni huambiwa asikate mti mbichi, aokote ulio mkavu, na agizo hilo ni la haki. Wakulima wa Ulaya nao waliwaagiza watoto wao vivyo hivyo, kwa kuwa huko asiye na kuni katika majira ya baridi aweza kufa. Baadaye walikuja mabwana misitu waliosoma, wakapanda miti kwa mistari, na kwa fikira zao mti mkavu uliosimama ulikuwa aibu, kama shuka chafu kitandani. Ukaondolewa. Katika nchi za joto mchwa huumaliza mti mkavu upesi, na mwaka wa pili au wa tatu hubaki udongo tu. Katika nchi za baridi za Ulaya hakuna mchwa wa vichuguu. Kazi hiyo hufanywa polepole na uyoga, na kuvu, na mabuu ya namna nyingi sana, kila mmoja na zamu yake. Mti ukiondolewa, wote hao huondolewa pamoja nao, wala hapana aliyewahesabu.

Hata mwaka wa 1992 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipatana sheria ya kulinda wanyama na mimea na makao yao, na mbawakawa wa zingefuri akaandikwa katika orodha mbili za sheria hiyo. Kuuawa kwake kwa makusudi kukakatazwa, na kuharibiwa kwa mahali azaliapo kukakatazwa pia. Wengi walidhani kwamba hayo ni maneno ya karatasi tu. Lakini siku ilikuja karatasi ile ikasomwa mbele ya mahakimu.

Mpakani pa Polandi na Belarusi uko msitu wa Białowieża. Ni mabaki ya misitu mikubwa iliyofunika nyanda zile zamani za kale. Wafalme waliuhifadhi kwa ajili ya kuwinda, ndiyo sababu haukufyekwa kama mingine. Humo huishi nyati wa Ulaya wenye manyoya mazito; mwituni humo waliuawa wote katika mwaka wa 1919, kisha wengine waliofugwa wakarudishwa mwituni mwaka wa 1952. Humo pia mti huruhusiwa kuzeeka, kufa, na kuanguka wenyewe, angalau katika sehemu zake nyingi. Kwa hiyo wadudu wa miti mikavu waliokwisha kutoweka mahali pengi, humo wapo.

Katika miaka iliyotangulia 2016 msitu ule ulishambuliwa na mbawakawa mwingine, mdogo kuliko punje ya mpunga. Huyu huua misprusi, ambayo ni jamaa ya misonobari. Jina lake la kitaalamu maana yake ni Mchapaji, kwa kuwa njia anazochimba chini ya gome zafanana na mistari ya maandishi. Misprusi ikafa kwa maelfu, ikasimama mikavu. Tarehe 25 Machi 1916 isingaliweza kuzua ugomvi kama huu, lakini tarehe 25 Machi 2016 waziri wa Polandi alitia sahihi ruhusa mpya: katika sehemu moja ya msitu kiasi cha miti ya kukatwa kwa miaka 10 kiliongezwa kutoka meta 63,471 za ujazo hadi 188,000, karibu mara tatu.

Haifai kuwadhihaki waliotaka kukata. Walisema kwamba mti wenye wachapaji usipoondolewa, wachapaji wataruka na kuua mwingine. Kwamba mti mkavu ukianguka njiani waweza kumwua mtu. Na kwamba ni hasara kuacha mbao zioze hali watu wana haja nazo. Maneno hayo yangeingia akilini mwa mkulima ye yote. Waliopinga walisema kwamba wachapaji wamekuwako humo tangu kale na msitu haujaisha. Kwamba kigong'ota wa vidole vitatu huwala wachapaji hao hao. Na kwamba mti uliouawa na mchapaji huwa nyumba ya wengine wasio na nyumba nyingine. Mitambo mikubwa ikaingia msituni mwaka wa 2017. Watu wengine walijifunga kwa minyororo kwenye mitambo ile ili isiende.

Kesi ikapelekwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mjini Luxembourg. Mwezi wa Julai 2017 mahakama iliamuru ukataji usimamishwe kwanza, isipokuwa pale penye hatari kwa watu. Lakini kazi iliendelea. Mwezi wa Novemba ikaongeza neno zito zaidi, kwamba Polandi isipotii itatozwa yuro 100,000 au zaidi kwa kila siku. Hapo mitambo ilitoka. Hukumu yenyewe ilitolewa tarehe 17 Aprili 2018. Mahakimu waliona kwamba serikali ilivunja sheria, maana mpango wake yenyewe wa mwaka 2015 wa kuulinda msitu ulikuwa umekwisha kusema kwamba kuondoa miti iliyokufa na iliyo karibu kufa ni hatari kwa viumbe wanaoihitaji. Na katika hukumu hiyo, pamoja na vigong'ota na bundi, walitajwa kwa majina mbawakawa wanne wa miti mikavu. Wa zingefuri alikuwa mmoja wao. Labda tangu siku za Scopoli jina lake halijapata kusomwa mbele ya watu wakubwa namna ile.

Walakini asidhaniwe kwamba aishi Białowieża tu. Tangu watu waanze kumtafuta kwa bidii wamemwona mahali ambapo hakujulikana, katika Ujerumani na kwingineko. Mara nyingine wamemkuta si katika msitu wa kale bali katika mashamba ya mipopla yaliyopandwa kwa mbao, kisha yakaachwa kwa sababu bei haikutosha gharama. Miti ikafa ovyo, na yeye akaja. Uvivu wa mwenye shamba umemfaa kuliko sheria nyingi. Katika Sweden, kinyume cha hayo, angali ni adimu sana.

Kumtafuta kwenyewe ni kazi ya uangalifu. Mtu huenda na kisu au patasi ndogo, akachagua mti uliokufa wenye gome lililolegea, akabandua kipande kisichozidi kiganja. Mara nyingi hamwoni mwekundu, bali buu tu. Naye hana budi kutazama vizuri, kwa maana kuna mbawakawa mwingine mwekundu, asiye adimu, ambaye buu wake naye ni bapa, naye ni wa manjano, naye ana ncha mbili nyuma. Wengi wamerudi nyumbani kwa furaha, kumbe wamemwona huyo. Tofauti imo katika pingili ya mwisho: ya yule wa kawaida ni kubwa na ndefu kuliko zilizotangulia, na ya huyu wa zingefuri ni ndogo, tena ncha zake mbili zimetoka katika shina moja.

Akisha kuona, huandika tarehe na namna ya mti. Kisha hurudisha kile kipande cha gome mahali pake na kukikandamiza kwa kiganja, kwa sababu gome likiachwa wazi upepo huingia, unyevu hutoka, na chumba kizima huharibika kabla ya wakati wake. Gome likikaribia mti, buu huonekana kidogo akivuta ncha zake mbili ndani ya giza.